Ngoma Iliyogoma Kulia

Shangazi alishika kishikio kimoja cha shaba, akasubiri. Ngoma kimya. Akanitazama kwa huruma, kama aliyekuta nimeunguza wali.

Mimi ndiye niliyekuwa mwandishi wa vibao vya maelezo pale makumbusho, na ngoma ile ilinitoa jasho. Fundi wetu aliiunda kwa miaka miwili: ukishika vishikio vyote viwili, nyundo ndogo inaipiga kwa kufuata mapigo ya moyo wako. Lakini wageni walikuja, wakashika kimoja, wakaenda zao. Kibao nilikiandika upya mara nne. Mkuu wa makumbusho akachoka, akasema ikifika saa kumi jioni siku hiyo bila mgeni hata mmoja kuiliza, inakwenda stoo. Fundi akaendelea kufuta vishikio vilivyokwisha kung'aa, na roho iliniuma kumtazama.

Ndipo nikamwita shangazi aliyenilea, mshona nguo, mtu asiyemung'unya maneno. Alikata tiketi kama mgeni yeyote.

"Soma kibao, shangazi."

"Nimesoma. Mikono miwili. Sasa mkoba niushike kwa meno?"

"Uweke chini."

"Thubutu. Si wewe uliyeandika pale mlangoni?"

Nikageuka kutazama mlangoni. Kibao changu cha kwanza kabisa, nilichowahi kujivunia kwa kila mtu: USIWEKE MZIGO WAKO CHINI MAHALI POPOTE. Kumbe wageni walikuwa wananitii. Nimeandika vibao vingi tangu hapo, lakini sijapata tena kucheka huku nikikimbia vile. Zilibaki dakika ishirini. Fundi akapigilia msumari kando ya ngoma; mimi nikashika kadi na kalamu nene, nikaandika:

TUNDIKA MKOBA HAPA. SHIKA VISHIKIO VYOTE VIWILI. SIKILIZA.

Shangazi akatundika, akashika. Du-du. Du-du. Du-du. Mkuu akatoka ofisini, miwani mkononi. Fundi akakaa sakafuni palepale, akawa anafuta macho kwa kile kitambaa cha vishikio. Nyuma ya shangazi watu walishaanza kupanga foleni, mikoba wameshaivua mabegani.

"Mama, tupishe na sisi," mmoja akamwambia.

"Ngoja kwanza," shangazi akasema, macho kayafumba. "Miaka sitini moyo huu unanifanyia kazi, leo ndiyo kwanza nausikia."