Suruali ya Daktari

Fundi cherehani hakuzaliwa na dharau. Alifundishwa na daktari wake. Mara tatu alimwomba barua ya kwenda hospitali kubwa, kwa wale wanaopitisha mrija kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, wakachoma pale panapovuruga mapigo. Bila barua hapokelewi mtu. Mara tatu daktari alimjibu kama anayembembeleza mtoto: "Dawa kwanza, fundi. Mrija ni wa walioshindwa na dawa. Haraka haraka haina baraka."

Miaka miwili ya vidonge, na moyo bado unarukaruka. Fundi sasa alikata vitambaa akiwa amekaa, na kila baada ya mikato miwili aliweka mkasi chini aheme.

Jumanne moja daktari akaja dukani, kitambi kimeishinda suruali. Akaivua nyuma ya pazia, fundi akapiga magoti na futi yake ya kupimia.

"Taratibu hapo pajani," daktari akasema. "Bado panauma."

"Ulianguka?"

"Wapi! Walinipitisha mrija wiki iliyopita. Moyo ulianza vituko mwezi jana tu. Mambo haya ukichelewa unajuta."

Alisema hayo akijitazama kwenye kioo, wala uso haukumbadilika. Bwana mkubwa, msomi, kasimama na soksi na chupi, kasahau hata anayeongea naye ni nani! Fundi aliona kinyaa.

Akainuka na suruali, akaikalia.

"Andika barua."

"Barua gani tena?"

"Yangu."

"Fundi, hali ya kila mgonjwa ni tofauti..."

"Mama watoto!" fundi akaita. "Wateja wamefika?"

"Wako watatu," mkewe akajibu.

"Basi fungua pazia, huku kuna joto."

"Kalamu iko wapi?" daktari akauliza haraka.

Akaandika juu ya meza ya kukatia, jasho likimtiririka, akapiga sahihi. Fundi akaisoma. Mstari wa mwisho ulisema: "Mgonjwa alichelewa mwenyewe kuomba huduma hii."

Akausoma tena. Tusi lilimfika mdomoni, akalimeza. Kwa mtu huyu lingepotea bure. Akamrushia suruali na kiuno chake kilekile kinachobana, akaikunja barua, akamwambia mkewe wafunge duka waende hospitali kubwa.