Sharti la Msuluhishi

"Futa hilo," nilimwambia Semboja. Maneno mawili tu, lakini kwa kigugumizi changu yalitoka kwa kusukumwa, kama gari lililozimika mlimani.

Alikuwa ametoka kuongeza mstari chini ya sharti alilolitunga mwenyewe: Mwaija ataruhusiwa kurusha dadu badala ya kusema. Mwaija ni mimi.

Tulikuwa wanne barazani kwa Yusta, fundi cherehani wa Korogwe, kama kila Jumamosi alasiri. Mchezo wetu ulikuwa wa kusimulia. Kila mmoja alikuwa na mhusika wake. Semboja alitupeleka katika nchi ya kubuni, nasi tukasema wahusika wetu wanafanya nini. Penye shaka, dadu iliamua. Semboja, aliyekuwa akitengeneza simu karibu na stendi, aliupata mchezo huo mtandaoni, ila kanuni za kupanda daraja zilimkera. Huko ukishakusanya pointi za kutosha unaamka asubuhi umekuwa mkuu. Alituuliza ni mtu gani huwa mkuu kwa namna hiyo.

Basi akatunga masharti yake, na kila sharti likawa tendo. Anayetaka kuwa Mwindaji Mkuu awe amewahi kumwacha mnyama aliyekwisha kumlenga. Anayetaka kuwa Kivuli awe ameiba kitu na kukirudisha kabla mwenyewe hajashtuka; Yusta alihangaika na hilo msimu mzima huku akicheka. Na anayetaka kuwa Msuluhishi asimame kati ya pande mbili zinazopigana, aseme kwa kinywa chake mwenyewe, bila dadu, mpaka silaha ziwekwe chini.

Mimi nilitaka Msuluhishi. Mhusika wangu, Mkunde, mvushaji wa watu mtoni, nilikuwa nikimwelekeza huko tangu mwanzo. Nje ya mchezo nilikuwa nimemaliza chuo cha kilimo na sijathubutu kwenda kwenye usaili hata mmoja.

Semboja aliufuta ule mstari. Akasema, kwa upole, kwamba anaweza kuliondoa sharti lote, lisimzuie mtu. Nikatikisa kichwa. Daraja lisilodai kitu nisingelitaka. Akabaki ameshika kalamu, nami nikaanza kukusanya vitu vyangu niondoke.

Ndipo Lenku, wa nne wetu, aliposema. Kwao ni wafugaji, huko mbugani Handeni, na si mtu wa maneno mengi.

"Sharti halina ubaya," alisema. "Ila mzigo wake umempa Mwaija peke yake, na ulikuwa wetu sote. Kwetu mtu akisimama kikaoni tunamngoja mpaka akae. Hata akinyamaza katikati, bado ni zamu yake."

Semboja akaandika, akatusomea: Msuluhishi atasema kwa kinywa chake. Waliopo watamngoja mpaka aketi. Akikatizwa, wameshindwa wote.

Vijiji viwili vya kubuni vilikuwa vinapigania kisima. Nikasimama. Neno la kwanza lilikwama kooni, na Yusta, ambaye kwa upendo tu alizoea kunimalizia sentensi, akajiziba mdomo kwa kitambaa alichokuwa akikipinda. Lenku aliinamisha macho sakafuni, kama mtu aliye kikaoni kweli. Honi za mabasi zikalia, zikapita. Nilisubiri mtu achoke, na hakuna aliyechoka. Polepole nikagundua kwamba hata mimi sikuwa na haraka, na neno likatoka, likafuatwa na jingine. Nikasema habari za zamu za maji, za watoto waliozikwa pande zote mbili, za kisima kisichojua ndoo ni ya nani. Nilipoketi, kivuli cha paa kilikuwa kimehama barazani.

"Wameweka mikuki chini," Semboja alisema. Hakuna aliyepiga makofi. Yusta alihema kwa nguvu, akarudi kwenye cherehani yake.

Sasa mimi ni afisa ugani Handeni. Ng'ombe wakiingia kwenye mahindi, ninaitwa kukaa na wakulima na wafugaji. Kigugumizi bado ninacho. Siku ya usaili niliwaambia mapema kwamba nitakawia, naomba wanisubiri, wakanisubiri. Nimewashukuru wenzangu wale watatu mara nyingi, hadi Lenku akaniomba nipumzike.

Jioni ile ya kisima nilirudi nyumbani koo limekauka. Mama aliposikia ninavyomwamkia, alidhani nimeshikwa na mafua, akainuka kunichemshia tangawizi. Nikamwambia si mafua. Nimeongea.

Alisimama na sufuria mkononi.

"Umeongea nini?" aliuliza, kisha akaiweka sufuria chini, akavuta kigoda.