Salamu kwa Kompyuta Kuu

Ulikuwa ule wakati ujao tulioahidiwa enzi za kanda za video: mvua haikatiki, taa za waridi na buluu zinawaka mchana kweupe, na vijana wanatembea na makoti marefu ya ngozi kwenye joto la kuivisha mkate. Jua lilikuwepo, ila Kampuni ilishalinunua, na wenye uwezo walilikodi kwa saa. Wasio na uwezo walikwenda saluni.

Saluni yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya Mama Saluni, na nusu ya waliokuja hawakuja kwa ajili ya nywele. Kulikuwa na viti vinne, draya mbili, na simu mbili za waya zilizotumia laini moja. Ya kwanza ilikaa kwenye meza ya vioo. Ya pili ilikuwa jikoni, karibu na jiko, kwa sababu Mama Saluni hakuamini kwamba mtu anaweza kupika kitu cha maana bila kujua nani kaachana na nani.

Siku hiyo nyumba ilijaa lakini hakuna aliyepiga soga. Mdogo wake Mama Saluni alikuwa amestaafu Kampuni jana yake, na mkataba ulikuwa wazi: kila unachokikumbuka kutoka saa za kazi ni mali ya Kampuni. Adhuhuri ikigonga, Kompyuta Kuu ya Kampuni ingepita kwenye kile kitundu walichotobolewa wafanyakazi wote nyuma ya sikio na kuchukua chake. Kampuni yenyewe iliuita usafishaji.

Sasa, huyu Mdogo aliingia kazini akiwa msichana, asubuhi mpaka jioni, Jumapili ikiwemo. Mumewe alikutana naye kwenye lifti ya Kampuni. Walichumbiana kwenye kantini ya Kampuni. Hata ile wiki waliyonuniana, walinuniana kwenye korido ya Kampuni. Ukifuta hayo yote, Shemeji anabaki mwanamume fulani tu asiyejulikana mwenye funguo za nyumba yake.

Shemeji alikuwa ameketi pembeni ya mkewe, amempakatia mkoba wake kama mtoto mchanga. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Mama Saluni alikuwa akimtania kwamba siku ya harusi yake alisema "ndiyo" halafu akapumzika mwaka mzima.

Tumaini lote lilikuwa kwa Kivuli, mpangaji wa chumba cha uani, bingwa wa kuvunja mitandao. Kivuli alivaa miwani myeusi ndani ya nyumba, na asubuhi ile tayari alishaligonga kabati la taulo mara mbili. Alichomeka kisanduku chake kwenye waya wa simu, akaunganisha nyaya kwenye draya, akaketi chini yake kichwa kikazama, glavu zake zimekatwa vidole. Kwa sauti nzito ambayo si yake, aliwaeleza wanawake waliokuwa na roli za nywele vichwani kwamba Kompyuta Kuu ina udhaifu mmoja. Meneja wa Kampuni hapendi kusubirishwa majibu, kwa hiyo aliagiza itengenezwe hivi: ikiulizwa swali, inaacha kila kitu mpaka ijibu kwanza. Yeye angeiuliza hesabu ngumu ya kuikwamisha hadi mwisho wa dunia. Wao kazi yao ilikuwa moja tu, wasiguse simu.

Adhuhuri ikagonga. Kisanduku kikalia kama birika na paka wamefungiwa chumba kimoja. Kivuli akaanza kutangaza kwamba anaona piramidi za nuru, anapaa juu ya bahari ya tarakimu. Walichoona wengine ni mtu anayetoka jasho chini ya draya.

Akauliza swali lake. Kompyuta Kuu ikajibu kabla hajamaliza kulichapa, ikamwonyesha na alipokosea kuliuliza. Akauliza la pili, kubwa kuliko la kwanza. Hilo nalo likaliwa kama karanga.

Mdogo akashtuka kidogo kitini, akajigusa nyuma ya sikio.

"Hiyo lifti mnayoizungumzia tangu asubuhi," aliuliza taratibu, "ni lifti gani?"

Mkoba ukamdondoka Shemeji.

Mama Saluni hakuweza kutazama. Akaingia jikoni, akafunika sufuria isiyo na kitu, akaifunua. Na kama alivyofanya maishani mwake kila alipozidiwa, aliunyanyua mkonga wa simu ampigie rafiki yake muuza vitambaa amwambie yaliyomfika. Onyo la Kivuli lilikuwa limemtoka kabisa kichwani. Sikioni akasikia kelele ya kukwaruza, kisha sauti baridi kama bomba la chuma.

"Laini inatumika. Taja nambari yako."

"Nambari?" Mama Saluni alisema. "Salamu kwanza, mwanangu. Hujambo?"

Kelele ikakatika. "Sijambo."

"Na wa kwako wote wazima?"

Hapo pakawa kimya. Kimya kirefu, cha mtu anayepekua kila kabati la nyumba kubwa.

"Wa kwangu," sauti ikasema mwishowe, "ni akina nani?"

Mama Saluni alidhani amempata msichana mgeni wa idara ya simu, na huruma ikamwingia. Akamuuliza kama ana mama. Akamuuliza nani alimlea, na huyo aliyemlea alikwenda wapi bila kuaga, na je, kuna mtu yeyote anayemuuliza ameamkaje. Kompyuta Kuu, iliyojua uzito wa mwezi na idadi ya misumari katika kila duka la jiji, haikuwa na hata jibu moja. Na kwa kuwa haikuwa nalo, ilibidi iendelee kulitafuta.

Kule saluni, mstari mwekundu wa usafishaji kwenye kioo cha kisanduku cha Kivuli ulisimama palepale. Akachomoa kichwa kwenye draya, akaja jikoni akipapasa kuta, akamwambia kwa mnong'ono, "Mama, usikate simu. Chochote unachofanya, endelea."

Kumwambia Mama Saluni asikate simu ni kumbembeleza mlevi aingie baa. Akavuta kigoda. Haikupita muda, Kompyuta Kuu ikajifunza kwamba aliyesalimiwa naye husalimia. Ikauliza habari zake. Akaanza na magoti, akaja kwenye mpangaji wa juu na yule mwanamke anayejiita binamu. Kila akitua kumeza mate, upande wa pili ulisema, "Halafu?"

Mlango wa saluni ulikuwa wazi, lakini Meneja wa Kampuni aliingia dirishani, kwa kamba, akavunja na kioo, maana ndivyo alivyoamini wakubwa huingia. Koti lake lilifagia vigae. Mkono wake wa kulia ulikuwa wa chuma, na taa nyekundu ikipepesa kifundoni. Akacheka kicheko kirefu. Hakuna aliyemwunga mkono. Bibi mmoja mwenye roli za kijani alimwomba afute viatu.

Meneja akaagiza simu ikatwe, akaingia jikoni na kuunyooshea waya mkono wa chuma.

"Ngoja kidogo, mwenzangu," Mama Saluni akasema simuni, "tumepata mgeni. Meneja wako."

"Huyo?" ikasema Kompyuta Kuu. "Keti nikwambie."

Mama Saluni hajawahi kuibeba siri kutoka jikoni hadi saluni bila kuimwaga njiani, na hii aliimwaga sentensi kwa sentensi kadiri alivyoipokea. Kwamba ule mkono ni bati tupu, umenunuliwa duka la vitu vya watoto. Kwamba ndani yake kuna mkono mzima wa mtu, wenye kucha zilizotafunwa. Kwamba wafanyakazi wote wametobolewa kitundu sikioni isipokuwa yeye, kwa kuwa anaogopa sindano.

"Vua tuone," akasema bibi wa roli za kijani, na wenzake wakasogeza viti.

Meneja akauficha mkono mgongoni. Akapaza sauti kuelekea mkonga, akaiamuru Kompyuta Kuu iendelee na usafishaji mara moja.

"Subiri zamu yako," ikajibu, na safari hii walisikia wote. "Bado sijajibu kuhusu mama yangu."

Akajaribu kutoka kwa heshima, kwa kamba aliyoingia nayo, lakini mkono wa bati haushiki kamba. Akatoka mlangoni. Viatu alivifuta.

Shemeji akapiga magoti mbele ya mkewe. Mdogo akamtazama usoni muda mrefu.

"Wewe nani?"

Rangi ikamhama Shemeji. Mkewe akamfinya shavu. "Mume gani anaambiwa alete mwavuli tangu juzi na hajauleta? Hilo Kampuni haikuchukua."

Lakini ilichukua kitu. Usafishaji ulikuwa umeanzia mwanzo kabisa, na ule mwaka wa kwanza ukaenda wote, na lifti ndani yake. Mdogo alijua ana mume. Hakujua alimpatia wapi.

Simu ile haijakatwa mpaka leo. Mkonga umelazwa juu ya mto mdogo jikoni, na watu hupokezana. Zamu ya asubuhi ni ya Mdogo, ambaye kwa hiyo alistaafu siku mbili akarudi kazini, bila mshahara ila chai ipo.

Jioni Shemeji humsimulia lifti. Maneno yamempata uzeeni: lifti ilikwama, taa zikazimika, Mdogo akalia, yeye akamtuliza, akaupanua mlango kwa mikono yake miwili. Kila jioni mlango unazidi kuwa mzito.

Juzi alikuwa ameufikisha tani mbili pale sauti ilipotoka kwenye mto.

"Si hivyo," ikasema Kompyuta Kuu. "Aliyelia ni mumeo."

Mdogo akaweka kitana chini, akaunyanyua mkonga, akajiegemeza vizuri.

"Hebu anza mwanzo," akasema. "Na usiache kitu."