Wimbo wa Tano wa Badru

Hamisa Pazi alikuwa na miaka ishirini na sita, na kazi yake ya kila siku ilikuwa kuchapa barua na kutoa fotokopi katika steshenari moja pale Mkuza, Kibaha. Kazi aliyoipenda ilikuwa nyingine. Alikuwa na ukurasa mtandaoni ambako kila Ijumaa aliandika juu ya nyimbo mpya za wasanii wasio na lebo wala meneja, wale wanaorekodi chumbani na kuzitoa wenyewe. Wasomaji wake walifika elfu nne. Wasanii kutoka Chalinze hadi Mbagala walimtumia kazi zao hata kabla hazijatoka, wakitaka kusikia anasemaje.

Badru alikuwa mmoja wao. Hamisa ndiye aliyemwandika kwanza, wakati hana hata wasikilizaji mia, na kutokea hapo wakawa marafiki. Badru alikuja dukani saa ambazo wateja ni wachache, Hamisa akamsikilizisha nyimbo alizotumiwa na wengine. Zile alizozipenda sana alimrushia kwenye simu. Hakuona ubaya.

Mwezi wa sita Badru alimwomba ampeleke Kisarawe kwa Bi Mwanamkuu, shangazi wa Hamisa. Alitaka kusikia nyimbo za zamani. Bi Mwanamkuu alikuwa kungwi, amewafunda wanawali wengi, na sauti yake ilijulikana hadi vijiji vya jirani. Alimwimbia Badru nyimbo za mavuno na za harusi bila kinyongo. Ilipofika adhuhuri akamwambia, "Basi baba, sasa tupishe. Tuna mwali ndani."

Badru akaaga vizuri. Alipofika mlangoni akamgeukia Hamisa.

"Da Hamisa, simu inakaribia kuzima. Nichomekee kwenye chaji, nitaipitia jioni."

Soketi ilikuwa moja tu, chumba cha ndani, walikokaa wanawake. Hamisa akaichomeka simu, akaifudikiza juu ya sanduku, kisha akakaa na wenzake kuimba nyimbo za unyago.

Albamu ya Badru ilitoka miezi mitano baadaye, nyimbo nane. Hamisa aliifungua dukani akiwa na daftari lake. Wimbo wa tano ulipoanza, aliweka kalamu chini. Ilikuwa sauti ya shangazi yake, imekatwakatwa na kuwekewa ngoma ya kompyuta, ikiimba maneno ambayo mwanamume yeyote hapaswi kuyasikia. Chini yake Badru alikuwa ameandika: utunzi wangu. Haikupita wiki, bodaboda wa Mkuza walikuwa wakiuimba na kuyacheka yale maneno.

Hamisa akampigia.

"Uliiacha simu inarekodi."

"Sanaa haina siri, Da Hamisa," Badru akajibu, wala hakukana. "Halafu we andika tu. Niponde unavyotaka. Ukiniponda ndiyo napata kiki."

Jumamosi Hamisa alikwenda Kisarawe. Alimkuta shangazi yake uani anamenya mihogo, peke yake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Hakuinua macho. "Walikuja makungwi wenzangu watatu. Wamesema nisikanyage tena nyumba ya mwali. Wanadhani nimewauza."

"Nitaandika kila kitu. Nitamwanika."

"Ukiandika kwamba ile ni sauti yangu na ule ni wimbo wetu, hata asiyejua atajua. Nyamaza, mwanangu."

Hamisa akakubali. Habari ya simu iliyochomekwa ukutani hakuigusa. Alirudi Kibaha na hasira zake. Alitaka kumla Badru nyama, lakini kwa namna ambayo haitamtaja shangazi.

Siku nne mfululizo alizisikiliza zile nyimbo saba nyingine. Siku ya nne, gita la wimbo wa pili lilimkumbusha kitu. Akafungua barua pepe za zamani. Gita lile lilikuwa la Ambokile, mkulima wa Dutumi, aliyemtumia miaka miwili nyuma. Akaendelea kupekua. Kiitikio cha wimbo wa saba kilikuwa cha Eugenia, mwalimu wa chekechea wa pale pale Mkuza. Nyimbo zote mbili Badru alizipata kwa Hamisa. Yeye mwenyewe ndiye aliyemrushia.

Aliwafuata wenyewe, akawaeleza ukweli huo, akaomba radhi na ruhusa ya kuziweka rekodi zao kwenye ukurasa wake. Eugenia alikubali hapo hapo. Ambokile alisikiliza wimbo mzima wa Badru akiwa ameegemea jembe, kisha akasema, "Kumbe ndiyo maana sikupata jibu lako. Ulikuwa na watu wa kuwapa."

Hamisa akaomba radhi tena. Ambokile akasema, "Weka."

Ijumaa hiyo hakuandika hata neno moja la matusi. Aliandika kwa upole, kama anavyoandika siku zote. Gita la wimbo wa pili ni tamu, limepigwa na Ambokile wa Dutumi, na hii hapa rekodi yake na tarehe yake. Kiitikio cha wimbo wa saba kimetungwa na Eugenia, hiki hapa. Ilipofika zamu ya wimbo wa tano aliandika kwamba hakuusikiliza. Huo ndio ulikuwa uongo pekee katika makala nzima.

Makala ilisambaa. Badru akajibu kwamba ni wivu, na kwamba Jumapili alasiri, kwenye uzinduzi wa albamu ukumbini Maili Moja, kila mtu ataona. Hamisa alifika mapema, akakaa mstari wa mbele. Kulia kwake alikaa Ambokile na gita lake.

Baada ya wimbo wa kwanza, sauti ikatoka katikati ya watu: "Tupigie gita la wimbo wa pili."

Badru akatabasamu. "Leo tunatumia mashine, wadau."

"Mpe huyu hapa basi," Hamisa akasema. Akasimama, akamshika Ambokile mkono, akampandisha jukwaani.

Ambokile alipiga sehemu yote, mwanzo mwisho, huku anamtazama Badru. Alipomaliza, watu wakaanza kumzomea Badru. Hamisa hakuzomea. Alimwangalia Badru akitafuta pa kushika, na moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza tangu siku aliyousikia wimbo wa tano. Alitamani zomeazomea ile ichukue muda zaidi.

Jumanne albamu yote ilikuwa imeondolewa mtandaoni. Jumatano Badru alikuja dukani, amekonda uso.

"Umefurahi?"

"Bado."

"Na wimbo wa shangazi yako nimeuondoa pia."

"Waliokwisha kuupakua utawafuata mmoja mmoja?"

Badru akaegemea kaunta. Hamisa akazima mashine ya fotokopi. "Jumamosi tunakwenda Kisarawe. Utawaambia makungwi ulivyoupata. Usipokwenda, nina nyimbo nyingine za kuchunguza, na muda ninao."

Walikwenda. Wale wanawake watatu walimsikiliza Badru akiwa amesimama juani. Hawakumpa mkeka. Alisema yote, macho chini, mpaka alipofika kwenye simu.

"Nani aliyeichomeka ndani?" akauliza mkubwa wao.

Badru akamtazama Hamisa. Angeweza kumtaja, lakini hakumtaja.

"Ni mimi," Hamisa akasema.

Bi Mwanamkuu, aliyekaa pembeni, alifunika mdomo kwa ncha ya khanga. Wanawake wakanong'onezana kwa muda mrefu. Kisha yule mkubwa akasema, "Mwanamkuu atarudi. Wewe hutaingia tena. Hata mwanao akivunja ungo, utakaa nje na wanaume."

Katika safari ya kurudi Badru alimwuliza kama sasa yamekwisha.

"Kwao yamekwisha," Hamisa akajibu.

Shangazi amerudi kwa wenzake, na siku ya Idi alimtumia Hamisa mihogo na nazi, bila salamu. Ambokile sasa ana wasikilizaji wengi kuliko wasanii wote ambao Hamisa amewahi kuwaandika. Badru alitoa wimbo mpya mwezi uliopita, wa kwake kweli, akamtumia kama zamani. Hamisa aliusikiliza mara mbili. Ulikuwa mzuri, mzuri kuliko chochote alichopokea mwaka huu. Akaufuta, akafungua wa msanii mwingine.