Sarafu Zilizosuguliwa kwa Ndimu

Nilikuwa nimechoka. Tangu tumzike baba, hapa Fes, Moroko, wageni hawajakatika nyumbani, na leo nikamleta Bwana Sqalli, mthamini wa vitu vya kale, azitazame sarafu za fedha ambazo baba alirithi kwa babu.

Mama akaleta sinia. Sarafu zilimeremeta kama mabirika ya chai siku ya Idi.

Sqalli alishika moja, akairudisha polepole, akamgeukia mama. "Lalla Ghita, nani amezisafisha?"

"Mimi. Kwa ndimu na majivu. Mgeni anakuja, nimwonyeshe vitu vyeusi?"

"Ule weusi ndio uliokuwa ukizilinda, na wanunuzi wanautafuta huo. Sasa hata maandishi yamelika. Kama kuna zilizobaki, zifungeni kwenye karatasi kavu, msizisugue."

Sikuwa na nguvu hata za kugomba. "Mama, si baba alikukataza kuzigusa?"

"Alinikataza, miaka yote ya ndoa. Nikisogea tu, anafunika sanduku." Alitazama vidole vyake vilivyojaa majivu. "Kumbe ni kwa sababu hiyo? Mbona hakusema. Mimi nilidhani ananiona mwizi."