Mshumaa wa Ngazi ya Tano

Mshumaa wa ngazi ya tano kutoka juu ulikuwa umezimika. Solenne Guérineau alisimama mlangoni mwa pango la mvinyo akiutazama. Katika vilima hivi vya Saumur hata mtoto anajua: zabibu zikichacha hutoa hewa ukaa, hewa isiyo na rangi wala harufu, nzito, inayojaa chini kama maji kisimani. Mshumaa ukizimika, hushuki. Wapo waliojifanya mashujaa, na makaburi ya huku yanawajua kwa majina.

Na baba yake alikuwa chini.

"Baba!"

"Acha kelele, unaniamshia pipa." Sauti ilitoka gizani, juu kuliko alivyotazamia. Mzee Fulgence, mwenye miaka sabini na minne, alikuwa amepanda juu ya pipa kubwa kuyakandamiza maganda ya zabibu kwa mti, kama alivyofanya kila mwaka. "Nimeona mshumaa unakufa, nikazidi kupanda. Nimekumbatia boriti huku juu kama popo. Tochi imeniponyoka. Sasa hebu niambie, lile tundu la chini lina nini leo? Mbona hewa haitoki?"

Solenne alijua.

Tundu hilo lilitobolewa na wahenga chini kabisa ya mwamba wa chokaa, upande wa mteremko, ili hewa mbaya imwagike nje yenyewe. Siku tatu zilizopita baridi ilikuwa ikiingia humo, na mvinyo ulikuwa umegoma kuchacha. Jirani angemwaga hamira ya dukani na kuwasha hita, yakaisha. Kwa akina Guérineau ni mwiko. Wao hulima kwa kufuata mwezi, huzika shambani pembe za ng'ombe zilizojaa samadi ziwe mbolea, na hamira yao ni ile inayokuja na ganda la zabibu. "Mvinyo wetu unalelewa na chokaa," mzee hupenda kusema, "na chokaa haiharakishwi." Solenne akaogopa mavuno ya mwaka mzima yasije yakaoza. Akaenda kimyakimya, akalishindilia tundu nyasi kavu na magunia, akafunga ubao kwa waya. Jana pipa likaanza kuchemka. Baba yake akausifu mwezi, naye akanyamaza, akijionea fahari kidogo.

"Sijui, Baba," alisema.

Mficha uchi hazai. Huyu aliuficha wake huku mzazi wake akining'inia kwenye boriti.

Mumewe, Corentin, alifika akihema kutoka mizabibuni, mikono ya zambarau hadi kwenye viwiko. "Mzee, umeanza sarakasi uzeeni?" alitania, kisha akauona mshumaa, na utani ukamwishia kinywani. Akawapigia wazimamoto. Dakika ishirini, walisema. Solenne aliuwasha mshumaa mwingine akauweka ngazi ya nne. Ukazimika. Akauweka ya tatu. Mwali ukalala, ukafuka moshi, ukafa.

Hewa ilikuwa inapanda.

"Nashuka," Corentin alisema. "Hatua ishirini tu. Nabana pumzi."

"Umbebe mtu mzima bila kupumua? Una wazimu?"

"Solenne, ni baba yako yule!"

"Ndiyo, na wewe ni mume wangu! Mnataka mniachie maiti mbili?" Akaanza kulia kwa hofu na aibu. "Ni mimi. Lile tundu, nililiziba mimi. Kwa nyasi."

Kutoka gizani kikaja kicheko chembamba, kilichokatika kwa kikohozi.

"Kumbe si mwezi," alisema mzee. "Kazibue, mama. Kukugombeza nitakugombeza nikishuka."

Waya ule aliufunga yeye na fundo alilijua yeye, kwa hiyo ilibidi aende yeye. Lakini baba yake naye asiposemeshwa angesinzia na kuporomoka. Alimkamata Corentin kwenye ukosi wa shati. "Msemeshe. Na akinyamaza, usishuke. Niapie."

"Naapa. Haya, nenda!"

Alikimbia kuuzunguka mteremko, akaanguka, akainuka, akapenya vichaka. Alivuta pumzi, akaibana, akapiga magoti mbele ya tundu akiwa amegeuza uso pembeni. Waya ulimchana vidole. Ubao ukang'oka. Akavuta magunia, akavuta nyasi kwa kucha, hadi akahisi ubaridi ukimmiminikia mapajani, akaruka nyuma na kupanda juu kabla ya kupumua. Hewa ilikuwa inatoka! Alilia tena, safari hii kwa furaha.

Ndipo akasikia sauti ya Corentin upande wa pili. "Mzee! Mzee, jibu! Mzee Fulgence!"

Kisha kimya.

"Corentin, usishuke!" alipiga ukelele, akakimbia.

Mlangoni hapakuwa na mtu. Simu ilikuwa kizingitini, na mzimamoto alikuwa bado anaongea ndani yake, akimwambia bwana atulie. Solenne aliwasha mshumaa. Ngazi ya tatu, mwali ulisimama. Ya nne, ukasimama. Ya tano. Ya sita ukalala, naye akasimama.

Kutoka pale aliuona mkono wa zambarau juu ya jiwe la chini, ngazi nne tu mbele yake. Miguu ilitaka kwenda. Aliizuia. Hakuwa amewahi kuogopa hivyo maishani mwake, na hofu yenyewe ndiyo iliyomshikilia pale, akiutazama moto mdogo unaoyumba, akiusihi kwa jina la Mungu uinuke. Ulichelewa, ukainuka.

Corentin hakuwa amefika hata hatua tatu kutoka mwisho wa ngazi. Solenne alimshika makwapani, akamburuta ngazi baada ya ngazi hadi nje juani. Alimpulizia kinywani, akamkandamiza kifua, akampulizia tena. Midomo yake ilikuwa imegeuka bluu. Aliendelea hadi mikono ikafa ganzi, akaendelea tena, na kifua kile hakikupanda hata mara moja chenyewe.

Kisha, ndani ya pango, mtu alikohoa.

"Solenne?" Sauti ilikuwa legevu, ya mtu anayeamka usingizini. "Nilipitiwa kidogo huku, nikashindwa kujibu. Sasa hewa inakuja. Mwambie Corentin asishuke, mwanangu. Mimi ni mzima."