Watu wa Darubini Mbele ya Mlango Wetu

Wewe ukifunua pazia asubuhi, chai bado iko jikoni, ukakuta wanaume wamejipanga ng'ambo ya barabara na darubini zao zote zimeelekea mlango wako, utafikiri nini?

Mimi nilifikiri ni watu wa halmashauri wamekuja kukagua paa. Mume wangu Matar hakufikiri hivyo. Aliachia pazia polepole, kama mtu anayefunika chakula, akasema, "Mwatima, zima taa."

"Kuna nini?"

"Wamekuja."

Hapo ni Woolwich, huku Uzunguni, baridi iliyofuata uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi kule kwetu Zanzibar. Idi ilishapita. Theluji ilikuwa imebaki vipande vyeusi kwenye kona za barabara, na kila alfajiri kulikuwa na ndege mmoja mweusi, mdomo wake rangi ya chungwa, anayepanda juu ya eriali ya televisheni ya jirani akaimba kama kalipwa. Jumapili ya wiki ile binti yetu wa pekee, Mardhiya, alikuwa anaolewa. Kijana wake ni Msabaha, fundi wa umeme, Mpemba, jamaa zake wote wako Portsmouth. Nikaha ilipangwa msikitini Peckham baada ya adhuhuri. Kwa ada yetu wanaume huenda msikitini, sisi wanawake hubaki nyumbani na bibi harusi mpaka mume aletwe. Na anayeoza ni baba. Hukaa uso kwa uso na kijana, wakashikana mikono ya kulia, baba akatamka. Basi kazi ya Matar wiki ile ilikuwa hiyo moja tu: avae, atoke, apande gari mpaka Peckham.

Aliposema wamekuja, sikumuuliza kina nani. Miaka ile ya mwanzo baada ya Mapinduzi tulikuwa tunakaa Malindi, mjini Unguja. Walikuja wanaume na gari, wakaegesha ng'ambo ya nyumba yetu, wana darubini. Majirani walipouliza, waliambiwa hawa wanatazama meli. Mwisho wakamchukua Matar. Aliporudi, Mardhiya alishaota meno, na yeye baba mtu mengine yake hana.

Jirani yetu wa mlango wa pili, Jaswant, mama wa Kikalasinga wa Kisumu, mjane, sauti yake ya mnadani, alinikuta nachungulia kwenye tundu la barua.

"Mama Mardhiya! Wewe najificha nini? Bili ya gesi?"

Nikamwonyesha. Akajitanda shali, akavuka barabara na ndara zake za chumbani, nikamwona anawasemesha huku anawanyooshea kidole. Alirudi anacheka mpaka kashika ukuta.

"Ndege! Hawa mzungu wote naangalia ndege! Juu ya mti yako!"

Mti wenyewe ni ule mdogo uliopandwa na halmashauri pembeni mwa mlango wetu. Sijui jina lake mpaka leo. Huzaa vitunda vyekundu kama shanga, na huvibakisha baridi nzima. Nikapanda chumbani juu nikatazama. Lo! Walikuwa wamejaa matawini, wanene, rangi yao rangi ya chai iliyozidi maziwa. Kila mmoja ana kishungi kimelala nyuma, na mstari mweusi umepita jichoni kama wanja uliopakwa na mtu anayejua kupaka. Ncha ya mkia ni manjano, kama wamechovya. Mabawani wana vitone vyekundu, ungesema mtu kawadondoshea nta ya kufungia barua. Na sauti yao ndogo, kama vikuku vya mtoto. Jaswant aliambiwa wanatoka kaskazini kabisa, na miaka mingine hapa hafiki hata mmoja. Mwaka ule matunda ya kwao yalikuwa haba, wakashuka kwa makundi kutafuta riziki.

Nikateremka nimefurahi. "Baba Mardhiya, ni ndege! Njoo uwaone, wazuri."

Alikuwa amekaa kwenye ukumbi mwembamba wa chini, pasipo na dirisha, mgongo ukutani. "Na wale walikuwa wanatazama meli," akasema.

Ijumaa walikuja wengi zaidi, na makamera ya miguu mitatu. Matar msikitini hakwenda. Jaswant, roho yake nzuri, akaona hawa watu wanaganda, akawapelekea chai ya tangawizi kwenye sinia. Matar alichungulia mwanya wa pazia akamwona anawamiminia. Akakaa chini pale pale kwenye zulia.

"Mwite arudi, Mwatima. Mwite."

"Chai tu hiyo, bwana."

"Mimi niliwapelekea kahawa."

Miaka yote ile alikuwa hajanambia. Akasema aliwaona wale wanaume wa Malindi wamekaa juani tangu asubuhi, wako mbele ya mlango wake, akaona aibu hawajatia kitu mdomoni. Akawachukulia birika na vikombe. Wakanywa, wakamshukuru vizuri sana, wakamuuliza, wewe bwana jina lako nani? Akawatajia, na la babake, na la babu yake.

Nilichukua ufagio nikatoka nje na kanga zangu, nikaupiga ule mti mpaka mikono ikauma. Ndege wakaruka wote, wakatua juu ya eriali, wakanitazama. Mzee mmoja wa Kizungu, pua nyekundu kwa baridi, akanifumbatia mikono kifuani kama anayeniomba radhi. Nilipoufikia mlango, wamesharudi matawini wanakula. Na darubini zote sasa zilikuwa zinanitazama mimi.

Jumamosi alikuja Mardhiya, hina mbichi mikononi, nesi mzima anazungumza na babake kupitia mlango wa chooni kwa kuwa humo ndimo alimojifungia.

"Baba, ni ndege."

"Najua ni ndege, mwanangu. Nimewaona. Nani kakwambia sijui? Miguu ndiyo haitaki."

"Basi nikuletee machela. Wenzangu wa kazini watakubeba mpaka Peckham, na king'ora juu."

Tukamsikia anacheka kidogo.

"Tumlete shehe hapa," nikasema. "Nikaha ifungwe sebuleni. Haina ubaya."

"Niwaite wanaume wa watu kwenye nyumba inayotazamwa?" akasema. "Wazee wa Msabaha, shehe, vijana, wote waingie mlango huu mmoja mmoja wakionekana sura? Niwaponze? Hapana, Mwatima."

Mardhiya akanitazama mimi, mimi nikamtazama yeye. Hina imeanza kumpasuka vidoleni kwa kukunja ngumi.

Jumapili alijaribu, nisimsingizie. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi, joho, kofia ya viua, nikamfukiza udi mpaka akakohoa. Gari lilikuwa nje linanguruma. Akasoma Ayatul Kursi, akafungua mlango mwenyewe, akatia mguu wa kulia nje. Mle mtini kitu kikawashtua ndege, sijui paka, wakaruka wote kwa pamoja juu ya mlango wetu, na wale wanaume ng'ambo wakainua darubini zote kwa mpigo mmoja. Matar akarudi kinyumenyume kama aliyesukumwa. Nikamshika asianguke. Nikasema na dereva. Nikasema na Matar. Mwisho nikafunga mlango.

Akampa shehe kwa simu uwakala wa kuoza badala yake. Dini inaruhusu, hakuna aliyesema neno. Lakini nyumba ilikuwa imeshajaa wanawake, na mwanamume pekee ndani ni baba wa bibi harusi. Hana pa kukaa. Sebuleni wanapiga vigelegele, juu anapambwa Mardhiya. Alikaa jikoni kwenye kigoda, kanzu yake nyeupe katikati ya masufuria ya biriani, na kila mwanamke aliyeingia kuchukua sahani alimwamkia, "Shikamoo Baba Mardhiya," akageuza uso haraka. Jaswant peke yake hakugeuza. Alimpa kitunguu na kisu. "Nakaa bure kwa nini? Kata!" Akakata.

Simu ikalia kutoka Peckham kwamba nikaha imepita. Vigelegele vikapigwa. Nilipochungulia dirishani, mti ulikuwa mtupu, umebaki vijiti. Ndege walishavimaliza vitunda vyote, wameondoka, na wale wanaume walikuwa wanakunja vitu vyao, wanaingia magarini mmoja mmoja. Ningetaka kulia lakini wali ulikuwa motoni.

Msabaha aliletwa na wenzake kwa dufu. Kabla ya kupandishwa juu kwa mkewe aliuliza baba yuko wapi, akaja jikoni peke yake, akainama kubusu mkono. Matar akasimama. Aliushika ule mkono wa kijana kwa mkono wake wa kulia, unanuka kitunguu, hakuuachia. Msabaha naye hakuuvuta. Huko juu wanamwita, anakawia, wanawake wanaulizana kuna nini, mimi nimesimama na mwiko sijui niuweke wapi.

"Nilitaka niseme mimi, baba," Matar akamwambia. "Si shehe. Nilitaka nije nikae mbele yako, watu wote wananitazama, niseme kwa kinywa changu kwamba nimekuoza mwanangu Mardhiya."